Helena Luhende, Aliyetaka Kujua Ngozi ya Punda Inasema Nini

Wasifu wa marehemu, umesomwa na mdogo wake, Mwalimu Enock Luhende, kijijini Chunyu, Ruangwa, Alhamisi tarehe 12 Februari 2026

Waombolezaji wapendwa, mliotoka jirani na mliokesha njiani, familia inawapa pole na kuwashukuru kwa miguu yenu. Huyu tunayemlaza leo hakupenda kusemwa sana. Kuhusu punda, lakini, aliweza kuongea mpaka uji ukaganda kikombeni. Familia imejaribu kuyapatanisha mambo hayo mawili, na mahali tulipozidisha, lawama ni ya mwandishi.

Marehemu Helena Luhende alizaliwa tarehe 14 Agosti 1966, nje kidogo ya Ngudu, wilayani Kwimba, mkoani Mwanza. Alikuwa mtoto wa pili kati ya saba wa marehemu mzee Luhende Gwisu na marehemu mama Kabula. Mama yao alishikwa na uchungu akiwa anakamua, na mtoto akazaliwa mlangoni mwa zizi kabla mkunga hajafunga vizuri khanga yake. Mzee Luhende alikuwa akisema kwamba kitu cha kwanza alichokiona Helena duniani kilikuwa ubavu wa ng'ombe, ndiyo maana hakuwahi kuacha kuutazama.

Alisoma shule ya msingi hukohuko Kwimba kuanzia mwaka 1975 hadi 1981. Akiwa darasa la nne, mwalimu aliwataka waandike insha juu ya kitu wanachokipenda nyumbani. Wenzake waliandika juu ya mama, bibi na sikukuu. Helena aliandika kurasa mbili juu ya shingo ya mtamba mmoja aliyeota chunjua: kumi na mbili mvua zilipoanza, tisa wakati wa mavuno, na Krismasi ilipofika hakuna hata moja, zote zimekauka na kuanguka zenyewe. Mwalimu alimpa alama nne kati ya kumi kwa kutoka nje ya mada. Mdogo wake Enock, aliyekuwa darasa la kwanza, aliikimbiza habari hiyo nyumbani akitegemea dada achapwe, akachapwa yeye kwa umbeya. Helena hakuchaguliwa kuendelea na sekondari. Alilia siku moja, kesho yake akanunua daftari jipya na kuanza kuandika habari za mifugo ya baba yake, mnyama mmoja mmoja, kwa rangi na kwa tabia. Mpaka anafariki madaftari hayo yalikuwa yamefika ishirini na matatu.

Tarehe 20 Julai 1985 alifunga ndoa na Lubasha Sayi katika kanisa la Ngudu. Mzee Lubasha anapenda kusimulia kwamba siku ng'ombe wa mahari walipofika, bibi harusi mtarajiwa alichungulia dirishani na kutuma ujumbe kuwa yule mwekundu wa nyuma ana chunjua chini ya sikio, wamwangalie. Ilibidi washenga wamwangalie, na kweli alikuwa nayo. Bwana harusi akarudi nyumbani akijua kabisa anaoa nini. Mungu aliwajalia watoto wanne: Marystella, Eustace, Nelly, na Luhende mdogo, aliyetangulia mbele ya haki mwaka 1992 akiwa na miezi saba.

Malisho yalipobana, familia ilihama, kwanza Morogoro, kisha mwaka 2012 ikafika Ruangwa na kuweka makazi hapa Chunyu. Walifika na ng'ombe, punda sita na Kiswahili cha kuokoteza. Wengi hapa waliwatazama kwa wasiwasi, na hawakuwa na kosa, kwa sababu ng'ombe akiingia kwenye ufuta hasomi mpaka. Aliyewapokea alikuwa Mzee Swalehe Mikidadi, mkulima wa korosho na ufuta, pamoja na mkewe Mama Mwamina. Aliwaruhusu kuchota kwenye kisima chake kiangazi chote cha kwanza. Mama mzazi wa Mzee Swalehe alijua Kimwera tu, Helena naye akihamaki alijua Kisukuma tu, na bado walikaa pamoja asubuhi nzima wakipepeta ufuta na kucheka, na hakuna aliyewahi kujua walikuwa wanachekea nini.

Kazi ya marehemu ilikuwa ufugaji, na ndani ya ufugaji, punda. Punda wake walibeba maji, kuni, na magunia ya ufuta hadi Mbekenyera, ya kwake na ya majirani. Mwaka 2017 Mzee Swalehe, magoti yakiwa yameanza kumsumbua, alimwomba amuuzie mmoja. Helena alimpa Majivu, jike mpole kuliko wote. Siku hiyo alifanya jambo ambalo sisi wafugaji hatulifanyi. Kwetu mnyama akiuzwa, kamba na mkanda wake hubaki nyumbani kwa muuzaji, ili baraka ya zizi isimfuate mgeni. Helena alimtoa Majivu akiwa amevaa mkanda wa shingoni wa ngozi, ulioshonwa na mzee Luhende kwa mkono wake, ambao kabla ya hapo ulivaliwa na maksai wa kulimia. Mzee Lubasha aliona, na usiku ule hakula.

Mwaka 2019 Majivu aliota kinundu shingoni, palepale mkanda ulipokaa. Kikawa viwili, vikawa donda bichi lisilofunga, likizungukwa na inzi. Walijaribu majivu ya moto, walijaribu chuma, na kila walipokata, kilirudi kikiwa kikubwa zaidi. Mwaka uliofuata Majivu alikufa. Mzee Swalehe alisema mbele za watu kwamba ameuziwa mnyama mgonjwa, na wengine wakaongeza yao kwamba mifugo ya wageni imekuja na laana. Shauri lilifika baraza la kijiji. Helena alisimama, akainua mkono, akaapa: "Punda huyu alitoka kwangu mzima. Mungu wangu ndiye shahidi." Baraza lilimwamini, na Mzee Swalehe akaambiwa ayaache maneno hayo. Aliyaacha. Aliacha na salamu pia. Kwa miaka minne alipita mbele ya mji wa Helena akitazama mikorosho ya upande wa pili, na kila alipopita, Helena alisimama kumwamkia, na hakuitikiwa. Waliowahi kunyimwa salamu na mtu wanayempenda wanajua uzito wake.

Kisha mwaka 2021 punda wake mwenyewe wawili wakaota vinundu vilevile. Hapo ndipo swali la msichana wa darasa la nne liliporudi na kumkaba. Ng'ombe anaota chunjua, zinakauka, zinaanguka. Kwa nini ya punda haianguki? Alimuuliza bwana mifugo wa kata. Alimuuliza padri. Alimuuliza Enock, ambaye ni mwalimu wa jiografia, akapewa jibu refu lisilo na kitu ndani. Bwana mifugo alikuwa mtu mwema. Alipiga picha na simu yake na kuzituma, na picha moja ikamfikia Daktari Dionisia, mtafiti wa magonjwa ya wanyama katika chuo kikuu kimoja huko Morogoro.

Daktari Dionisia na wenzake walifika Chunyu mwezi Machi 2022. Walieleza kuwa vinundu vile ni aina ya saratani ya ngozi inayowapata farasi na punda. Haisafiri kwenda kwenye maini wala mapafu, lakini pale ilipokaa haikubali kuondoka. Kwa farasi imechunguzwa sana katika nchi za mbali. Kwa punda, tena punda wa kubeba maji, ni wachache waliojisumbua. Walitaka kukata kipande kidogo cha uvimbe, kwa ganzi, na kukitumbukiza papo hapo katika kichupa chenye maji ya chumvi kali, kwa sababu kinachotafutwa huoza haraka kuliko nyama.

"Mnatafuta nini humo?" Helena aliuliza.

Daktari alimweleza kwamba kila seli ya mwili wa punda ina maagizo yote ya kumtengeneza punda mzima, kuanzia kwato hadi ukope. Maagizo hayo ndiyo jeni. Lakini seli haisomi yote. Ya jicho husoma ya jicho, ya ngozi husoma ya ngozi, mengine hukaa kimya maisha yote. Wao walitaka kujua, ndani ya uvimbe, ni jeni zipi zinazosomwa kwa sauti kubwa na zipi zimenyamazishwa.

Helena alikaa chini, palepale kwenye vumbi la zizi. Miaka hamsini alikuwa ameishika ngozi hiyo kwa viganja vyake, ameipaka mafuta, ameitoa kupe, na hakuwahi kudhani kwamba ndani ya kila punje yake kuna punda mzima aliyeandikwa. Alipoinuka aliwaambia watafiti mambo mawili. La kwanza, wachukue na kipande cha ngozi nzima kutoka kwa punda huyohuyo, kwani huwezi kumjua mgonjwa kama humjui alivyo akiwa mzima. Walitabasamu, kwa kuwa ndivyo walivyopanga. La pili hawakuwa wamelipanga.

"Na ng'ombe je?" alisema. "Mnakata punda tu. Wamelala zizi moja na ng'ombe hawa tangu wazaliwe. Mkateni na ng'ombe chunjua yake, mkaone kama wanasema neno moja."

Daktari Dionisia amesema mwenyewe, katika ujumbe wa rambirambi alioutuma jana, kwamba sentensi hiyo ilibadilisha kazi yao ya miaka miwili.

Juni 2023 walimwalika Morogoro aone sampuli zake zimefikia wapi. Huko, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, alimwona farasi. Alikuwa wa kijivu, mrefu, amesimama kivulini. Helena alimzunguka mara mbili. Kisha akamwekea kiganja shingoni, akakiacha hapo muda mrefu, machozi yakimtoka bila aibu. Enock, aliyemsindikiza, alimuuliza anawaza nini. "Ni punda aliyesikilizwa," alijibu. Ndani, walimwonyesha kwenye kioo cha kompyuta safu za vijirangi vingi mno, vyekundu kwa jeni zinazopaza sauti, vya buluu kwa zilizonyamaza. Upande mmoja ngozi nzima ya punda wake, upande mwingine uvimbe wa punda huyohuyo. Hata asiyejua kusoma angeona kuwa pande hizo mbili hazifanani. Helena alivua viatu. Hakuna aliyemwambia avue. Usiku ule, katika nyumba ya wageni, alisema: "Enock, leo namwogopa Mungu kuliko nilivyomwogopa Jumapili kanisani."

Majibu kamili yaliletwa Chunyu Jumatano tarehe 11 Septemba 2024. Daktari Dionisia aliketi na familia uani na kueleza. Kirusi cha chunjua za ng'ombe ndicho kilichokuwa ndani ya vinundu vya punda. Kilipolinganishwa na kile cha maksai wa zizi hilohilo, hakikutofautiana hata herufi moja. Kwa ng'ombe, mwili hushtuka, huita askari wake, chunjua hukauka. Ndani ya punda kirusi hakizai hata mtoto mmoja. Hujificha kwenye seli na jeni zake chache huamrisha "ota, ota, ota" bila kupumzika, huku jeni za punda zenye kazi ya kuita askari zikiwa zimezibwa mdomo. Ndiyo maana haianguki. Msichana wa Ngudu alikuwa amejibiwa.

Lakini Helena aliuliza kinapitaje. Kwa inzi, alijibiwa, kwa kusuguana, na kwa vifaa vinavyovaliwa na ng'ombe na punda kwa zamu. Aliingia ndani akatoka na daftari la mwaka 2016 na mkanda wa ngozi, pacha wa ule alioondoka nao Majivu, kwani mzee Luhende alishona miwili. Daftari lilionyesha kwamba maksai aliyevaa mikanda hiyo kwa zamu alikuwa na chunjua shingoni, kumi na nne. Daktari alichukua sampuli kutoka kwenye mkanda ule, na wiki haikuisha majibu yakaja kwa simu: alama za kirusi zimo. Alisema hawezi kuapa kwamba Majivu aliambukizwa hivyo.

"Wewe huwezi kuapa," Helena alimjibu. "Mimi nilishaapa."

Familia haikutaka aendelee. Mzee Lubasha, na tunalisema hili akiwa ameketi hapa na kwa ruhusa yake, alimkatalia. "Mama Marystella, hukumu ilishapita. Mzoga wa punda haufukuliwi. Nani anajua habari ya mkanda zaidi yetu?" Helena alisema aliapa kwa Mungu, hakuapa kwa mwenyekiti wa kijiji. Marystella, kifungua mimba wake, alimkumbusha kwamba bado wako watu wanaosubiri neno moja tu ili waseme wageni wote waondoke na mifugo yao. Hilo lilimuumiza kweli, na kwa siku tatu hakugusa daftari. Siku ya nne alimwomba mwenyekiti aitishe baraza tena.

Baraza lilikaa Jumamosi tarehe 28 Septemba 2024. Alisimama mahali palepale alipoapia. Alisema: "Ndugu zangu, mwaka 2020 niliwaambia hapa kuwa punda alitoka kwangu mzima. Kwa macho alikuwa mzima. Lakini nilimvisha mkanda wa ng'ombe mwenye chunjua, na ugonjwa nilimfungia shingoni kwa mikono yangu. Si laana, wala si mifugo ya wageni. Ni mkanda, na mkanda ni wangu. Mzee Swalehe alisema kweli, nanyi mkamnyamazisha kwa ajili yangu. Nisameheni. Mzee Swalehe, nisamehe." Mzee Swalehe aliinuka, akachukua fimbo yake, akaondoka bila kugeuka.

Siku nne baadaye alipita mbele ya mji wa Helena na kusimama. Alitazama chini, akasema, kwa Kisukuma alichojifunza tangu mwaka 2012 na kukiweka kabatini, "Mwangaluka, mayu," yaani habari ya asubuhi, mama. Helena alimwitikia, akaingia ndani, akakaa jikoni mpaka sufuria ikaungua. Tangu siku hiyo walisalimiana. Lakini lile neno la msamaha Helena aliloliomba barazani, Mzee Swalehe hakulitamka, naye hakuliomba mara ya pili.

Muda uliobaki aliutumia kutembea. Alitembea Chunyu yote, Mbekenyera, na akavuka mpaka Mtua, wilayani Nachingwea, kwa Nelly, akifundisha wafugaji na wakulima jambo moja: kila mnyama na mkanda wake, na punda alale peke yake. Aliwapaka wanyama wa watu rangi kwenye mikanda, nyekundu ya ng'ombe, buluu ya punda. Punda wake wawili hawakupona, ila tangu hapo hakuna mwingine zizini kwake aliyeota kinundu.

Oktoba 2025, akiwa Mtua kwa Nelly, miguu ilianza kuvimba na pumzi kukatika. Katika hospitali ya wilaya Nachingwea alionekana kuwa na moyo uliotanuka. Alitibiwa, akapata nafuu, akarudi tena kitandani. Kila Nelly aliporudi kutoka Chunyu alikofuata mahitaji, mama yake aliuliza habari za mvua, habari za punda, kisha kama mtu asiyejali: "Mzee Swalehe amesema neno?" Mwezi Januari Mzee Swalehe mwenyewe, mwenye miaka sabini na mitatu, alifunga kanzu kiunoni akapanda bodaboda kutoka Chunyu hadi Nachingwea. Alikaa kando ya kitanda saa nzima. Walizungumza bei ya mbolea na punda aliyezaa. Alipoondoka, Helena aligeukia ukutani. Jumanne tarehe 10 Februari 2026, saa kumi na moja alfajiri, moyo wake ulisimama, Nelly akiwa amemshika mkono.

Marehemu ameacha mume, Mzee Lubasha Sayi, watoto watatu, Marystella, Eustace na Nelly, wajukuu tisa, ndugu watano, na madaftari ishirini na matatu, ambayo Daktari Dionisia ameomba ayasome, na familia imekubali.

Wasifu huu ulikuwa uishie hapo. Jana jioni Enock aliupeleka kwa Mzee Swalehe, kumwomba ruhusa jina lake lisomwe. Alimsomea wote. Mzee alisikiliza, akaomba arudiwe sehemu ya mkanda. Kisha akasema, na familia imeandika kama alivyosema:

"Mwalimu, hapo pana kosa. Umeandika alimtoa punda na mkanda. Hakuutoa. Mimi niliuomba. Nilimwambia, mayu, mkanda ule mzuri, niachie. Akaniambia, kwetu hautolewi, Mzee Swalehe. Nikamwambia, ina maana kisima changu hakifiki mkanda mmoja? Ndipo akainamisha uso wake, akanipa. Pale barazani nilingoja aseme niliuomba. Hakusema. Hata mumewe hakumwambia. Mwaka mzima na zaidi nimemsalimia nikishindwa kusema nimekusamehe, kwa sababu sikuwa na cha kumsamehe. Nilikwenda Nachingwea ili niseme, nikasema mbolea. Andika kwamba niliuomba. Lisome mbele ya watu wote, na mimi nitakuwepo."

Mzee Swalehe yupo, ameketi kando ya Mzee Lubasha, na kwa ombi lake ameandikwa kati ya wafiwa. Dada Helena, Mungu akulaze pema. Neno ulilolingoja limesemwa.